Kimya Kabla ya Kengele



Nimeombwa niseme machache juu ya kusali peke yako. Wengi hudhani kimya ni mali ya watawa wa Peramiho, walikofika Wabenediktini mwaka 1898, au wa Hanga. Kweli, kule kengele huwagawia saa. Lakini Marko anaeleza kuwa Yesu mwenyewe aliamka kungali giza, akaenda mahali pasipo watu, na Simoni na wenzake wakamfuata kumtafuta. Hata yeye hakuachiwa!

Sisi wa Mbuji tunalo jiwe letu kubwa, na ngoro mlimani, ambako mtu hulima asubuhi nzima asisikie ila jembe lake. Bwenini hamna hayo, najua. Basi amkeni robo saa kabla ya kengele, mkae darasani bila kitabu. Siku za kwanza mtasinzia tu.

Mimi mezani kwangu huletewa mafaili ya ugomvi wa mashamba, mengine ya wajane. Alfajiri hunyamaza kwanza mbele ya Mungu, kwani ikifika saa tatu wenye sauti kubwa wamekwisha jaa mlangoni, na mjane yuko nyuma yao.