Rangi Isiyochujuka: Kazi ya Kutia Rangi Vitambaa na Kushona Mifarishi

Leo tutazungumza juu ya fundi atiaye rangi vitambaa kwa mkono, kisha akaunga vipande vyake kuwa mifarishi. Tutamfuata fundi afanyaye kazi hiyo hapa kwetu Moshi na juu mlimani.

Watu wengi hudhani ya kuwa siri ya kazi hii ni uzuri wa maua. Sivyo. Maua humvuta mnunuzi mara ya kwanza. Rangi isiyochujuka ndiyo humrudisha. Kitambaa kikitoa rangi katika beseni la kwanza na kuharibu shati jeupe la mtoto wa shule, mama aliyekinunua hatarudi, tena atawaambia wenzake wote sokoni Mbuyuni. Fundi huuza uaminifu pamoja na nguo.

Kuunga vipande si jambo geni kwetu. Husimuliwa ya kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizopigwa chapa katika jora moja, wakazikata tatu tatu, wakaunga mikato miwili kuwa nguo moja ya leso sita. Hiyo yasemwa kuwa asili ya kanga, na hata leo watu wa Mombasa huiita leso. Zamani rangi zilitoka katika mimea, kama vile nili. Rangi za viwandani zilianza mwaka 1856, wakati kijana Mwingereza, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alipojaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata rangi ya zambarau badala yake. Batiki, yaani kuchora kwa nta, ilisitawi sana huko Java. Katika miaka ya 1970 Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam ilikuwa mojawapo ya mahali ilipofanywa nchini kwetu.

Sasa tuingie kazini. Jambo la kwanza ni kukitayarisha kitambaa. Pamba mpya ya dukani ina wanga ndani yake. Ichemshe kwa sabuni, isuuze, ianike. Kisha dondosha tone la maji juu yake. Tone likikaa kama umande juu ya jani la magimbi, wanga ungalimo, rudia kufua. Likinywewa mara moja, kitambaa ki tayari. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii, na rangi yake hutoka mabaka.

Jambo la pili ni nta. Nta ya nyuki ni laini na hushika vizuri. Nta ya mishumaa huvunjika na kuacha nyufa. Mafundi huchanganya zote mbili. Iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, wala si juu ya moto wenyewe. Ikishika moto, ifunike. Usiimwagie maji kamwe. Tena angalia mahali ulipo. Moshi mjini, wakati wa joto la Januari na Februari, nta hulegea. Huko juu Marangu au Kibosho, katika ukungu wa Julai, hukakamaa na kupasuka upesi. Basi wa juu aongeze nta ya nyuki.

Jambo la tatu ni rangi yenyewe. Ina maadui wawili: maji na jua. Manjano ya jikoni hung'aa sana, lakini jua huyala upesi. Utomvu wa mgomba, kwa upande mwingine, kila mkata ndizi anajua jinsi unavyong'ang'ania nguo. Mafundi wengi hutumia rangi za dukani zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidro. Rangi ya buluu ya namna hii hukitoa kitambaa majini kikiwa na ukijani, na hewa ndiyo hukigeuza buluu mbele ya macho yako.

Lakini kostiki soda huunguza ngozi na kupofusha macho. Vaa glovu za mpira, na watoto wakae mbali. Tia soda katika maji baridi kidogo kidogo, usimwage maji juu ya soda. Wala usitumie sufuria ya aluminiamu, maana soda huila; tumia ndoo ya plastiki.

Je, maji machafu yaende wapi? Mlimani kwetu tuna mifongo, mifereji waliyoichimba wazee wetu kuleta maji ya mito mashambani na majumbani. Anayeishi chini hunywesha ng'ombe wake maji yaliyopita kwako. Basi mabaki ya rangi yasimwagwe mfongoni hata kidogo. Chimba shimo mbali na mfongo, kisima na bustani ya mboga.

Sasa mfarishi. Vipande vilivyobaki huungwa kuwa uso wa juu. Katikati huwekwa pamba au blanketi kuukuu. Chini kitambaa kizima. Kisha sindano hupita katika tabaka zote tatu. Usiku wa baridi ya mlimani mtu huona faida yake. Lakini kila kipande kifuliwe peke yake kabla ya kuungwa, kisha kisuguliwe kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kipande kimoja kinachotoa rangi huharibu kazi ya majuma mengi.

Mwisho ni bei. Tuseme kitambaa ni shilingi 8,000, rangi na nta 5,000, kuni 1,000. Jumla ni 14,000. Ukikiuza kwa 15,000 baada ya siku tatu za kazi, umepata 1,000 tu kwa siku zote tatu. Wengine huita hiyo faida, kumbe wamejiajiri bila mshahara. Uwe na daftari, uandike siku zako kama uandikavyo kuni. Mnunuzi akisema ni ghali, mpe kipande chenye maji na kitambaa cheupe, asugue mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kata kipande cha kitambaa chenye rangi. Funika nusu kwa ubao, nusu ikae juani juma zima. Mmeona nini?
2. Katika kijiji chenu, maji ya kufulia na ya rangi huenda wapi, na nani anaishi chini yake?
3. Mtu aliyefanya kazi siku tatu astahili kulipwa kiasi gani, na kwa nini?