Namna ya Kumkumbuka Baba wa Nyumba na wa Mwitu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano wa Mwaka, Junju



Ni desturi njema kuwakumbuka wenzetu waliotutoka kabla ya kusoma hesabu ya fedha. Leo twaomba ruhusa ya kusema juu ya mtu wa namna moja, ambaye hakuna mlango hapa Junju usiopata kumzika: baba aliyeipenda nyumba yake na kuyajua mapori. Hatutataja jina, kwa kuwa jina ni mali ya wanawe. Maisha yake twayajua sote.

Mtu huyu alikuwa mgema. Kabla jua halijachomoza alikwisha kupanda mnazi, kotama kiunoni na kibuyu ubavuni. Jioni alipanda tena, maana ua la mnazi lisipochongwa kwa wakati wake hukauka, na tembo haliji. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na pengine ni kweli kwa baadhi yao. Lakini tutazame upande wa pili wa kazi hiyo. Mgema hawezi kulala mbali siku nyingi. Mnazi wamwita asubuhi na jioni, na mnazi uko nyumbani. Hivyo kazi yake ya nje ndiyo iliyomfunga kwa mkewe na watoto wake. Wenzake waliokwenda Mombasa kutafuta mishahara, au waliokata mkonge huko Vipingo, waliwaona wana wao kwa nafasi. Yeye aliwaona kila siku, akawalea kwa macho yake.

Alikuwa pia mtu wa mwitu. Alijua mti wa kujengea na mti wa dawa, mzinga uliojaa na mzinga mtupu, njia ya paa na mahali wanapolala kanga. Baba zake waliwinda kwa upinde, na walijifunza mengi kutoka kwa Waata, majirani wetu wa upande wa mto Galana, ambao pinde zao nzito na mishale yao ya sumu ilimwangusha hata ndovu. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na upinde ukawekwa darini. Walakini ujuzi wa mwitu haukuwa ujuzi wa kuua peke yake. Huko Gede, tangu mwaka 1993, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamefuga vipepeo na kuuza ng'ambo vifukofuko vyao. Kazi hiyo yamtaka mtu ajue ni jani gani linaloliwa na kiwavi gani. Mwenye kujua hayo alipata karo ya watoto pasipo kukata mti hata mmoja.

Hali kadhalika kaya zetu. Hazikusalia kwa bahati. Zilisalia kwa sababu wazee walikataza kukata miti, kuchunga ng'ombe na kupita ovyo mahali pa mababu, na watu wakatii. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziandika kaya kadhaa za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, zikiwamo Kaya Jibana, Kambe, Ribe, Kauma na Kaya Fungo ya Wagiriama. Ulimwengu ulistahi kile ambacho wazee wasiojua kusoma walikuwa wamekilinda kwa miiko tu.

Sasa, mtu wa namna hii akifa, twamkumbukaje? Baba zetu walikuwa na jibu lao. Miongoni mwa Wagiriama, mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu alisimamishiwa kigango, yaani nguzo ya mti mgumu iliyochongwa na kutiwa nakshi, ili roho yake ipate makao na jamaa wapate pa kumwendea. Mtu wa kawaida alipata koma, ambayo ni ndogo zaidi. Kigango kikisimama hakihamishwi, hata jamaa wakihama. Maana yake ni wazi: aliyekufa bado ni mtu wa nyumba, na walio hai wana deni kwake.

Twajua yaliyovipata vigango hivyo. Katika miaka ya 1980 vingi viliibiwa usiku na kuuzwa kwa wafanya biashara ya sanaa, vikavuka bahari mpaka nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baada ya muda mfupi vyote viwili vilikuwa vimetoweka. Picha ile ndiyo iliyokuja kuwa ushahidi. Kimoja kilionekana katika jumba la makumbusho la Illinois, na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudi nyumbani kwa shangwe, lakini mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa asivione tena.

Tulikasirika, na ilikuwa haki yetu kukasirika. Lakini, wazee wetu, yatupasa tujiulize swali lililo zito kuliko hilo. Twamlilia mzee wa mti aliyeibiwa na mgeni. Je, mzee wa damu na nyama tunamtendaje sisi wenyewe?

Si siri kwamba katika Kilifi yetu wazee wamefukuzwa makwao, na wengine wameuawa, kwa kuitwa wachawi. Mara nyingi ushahidi ulikuwa mvi za kichwani na macho mekundu, macho yaliyowekundu kwa moshi wa jikoni na kwa uzee. Huko Ganze, Kaya Godoma ilifanywa kuwa kimbilio la wazee waliokimbia watu wa nyumba zao. Baba aliyepanda minazi ili wanawe wale akalala ugenini, akihifadhiwa na watu baki. Na mzee wa namna hiyo akifa, wale wale waliomfukuza huweza kumpigia kifudu, kuchinja mbuzi, na hata kuweka disko la matanga usiku kucha. Hayo si maombolezo.

Tutafute mzizi wa jambo. Pale uvumi wa uchawi unapoanza, mara nyingi chini yake pana shamba. Pwani kwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Mnazi ulipandwa na babu, ukawekwa rehani na baba, ukakombolewa na mjomba, na habari zote hizo zimo kichwani mwa mzee mmoja. Mpaka wa shamba ni mkwaju, au jiwe, au kisiki kilichokwisha oza. Yeye peke yake ndiye ajuaye. Kwa kijana anayetaka kuuza, mzee huyo ni kizuizi, na akiondoka, shahidi ameondoka. Basi ule ujuzi wa nje tuliousifu, ndio unaomhatarisha.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo manne.

Kwanza, kila mwanachama aliye mzee atembezwe katika shamba lake angali hai, pamoja na wanawe wote na majirani wa mipaka, na kila mnazi na kila mpaka uandikwe, kisha mashahidi watie sahihi. Siri ikiwa ya wengi, hakuna faida ya kumwua mmoja.

Pili, neno la uchawi lisisemwe pembeni. Hata sheria juu ya uchawi iliyotungwa mwaka 1925 ilihesabu kuwa ni kosa kumshutumu mtu ovyo. Mwenye shauri la shamba alilete barazani mchana, mbele ya wazee na chifu.

Tatu, mchango wa msiba usiishie katika sufuria za siku ya maziko. Sehemu yake itengwe kwa karo ya watoto wa marehemu. Tena mjane asinyang'anywe, wala binti asisahauliwe. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 yawatambua mjane na watoto wote, wa kiume na wa kike, na Waislamu wanao utaratibu wa dini yao, ambao nao wawapa haki.

Nne, kwa kila mwanachama anayefariki, tupande mti mmoja wa kienyeji mahali jamaa watakapopachagua, na mjukuu wake afundishwe jina la mti huo na kazi yake.

Mabibi na mabwana, baba wa nyumba na wa mwitu hakutuomba sifa. Alituachia minazi, mipaka na mapori, na alituomba kimoja tu: tuvitunze bila kumwaga damu. Twawasihi mpige kura juu ya mapendekezo haya leo, wazee wetu wangali wameketi hapa mbele yetu na masikio yao yasikia.