Safari ya Mombasa: Mtoto Asibaki Nyuma



Shule ikipanga safari ya historia kwenda Mombasa, mara nyingi barua hufika nyumbani siku chache tu kabla. Mwenye pesa analipa. Asiye nazo, mtoto wake anabaki akiangalia basi likiondoka. Hapo ndipo kikundi kinahitajika.

Tupange mapema. Muhula wa kwanza tumwombe mwalimu hesabu yote: basi, chakula, malazi na kiingilio. Tuigawe kwa miezi iliyobaki, kila mzazi aweke kidogo kidogo kwa mweka hazina na apewe risiti. Mfuko wa kikundi uwajazie waliopungukiwa, wasichana sawa na wavulana.

Halafu tuulize: wanaenda kuona nini? Fort Jesus si mahali pa kupiga picha tu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu 1696, wakaiteka 1698. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela, hadi 1958. Na ng'ambo ya kisiwa, pale Frere Town, watumwa waliokombolewa walipewa makao tangu 1875. Watoto wafundishwe haya kabla ya kupanda basi, na kila mmoja aandike maswali 3 kwenye daftari.

Basi lisisafiri usiku. Wakirudi, waje mkutanoni watusimulie, ili nasi tuliochanga tujifunze.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze mwezi huu.