Tofali la Zuzu na hati ya miaka 33

Leo tunatoka mjini Dodoma tunaelekea magharibi, hadi Zuzu.

Siku hizi ukitaja Zuzu, wengi wanafikiria kituo cha kupoza umeme, pale penye nguzo za kilovoti 400 zinazotoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga. Wazee wanakumbuka udongo. Ule mfinyanzi wa Zuzu ndio uliotengenezewa matofali ya kuchoma, enzi zile CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilipokuwa inajenga mji. Udongo unalainishwa, unakatwa, unaanikwa mpaka maji yatoke, ndipo unaingia tanuruni. Ukiharakisha kuanika, tofali linapasuka. Uzuri wake ni kwamba kazi inabaki hapahapa: anayechimba, anayebeba, anayechoma, wote ni watu wa karibu, na saruji ya kuletwa kwa treni kutoka pwani inapungua.

Kabla ya hapo Mgogo alikuwa na jibu lake la nyumba, nalo ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa lenye tabaka la udongo juu ya magogo. Mchana wa Oktoba, jua likiwaka, ndani ya tembe kuna nafuu ambayo mwenye bati haijui. Kwa hali ya hewa ya huku, mimi naona wataalamu wa nyumba bora walilidharau mapema mno.

Sasa twende mwaka 1973. TANU iliuliza matawi yake nchi nzima, na tarehe 1 Oktoba ikatangazwa kwamba makao makuu yanahamia Dodoma. Muda uliowekwa ni miaka kumi. CDA ikaundwa, George Kahama akawa Mkurugenzi Mkuu wake. Kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ikachora ramani kuu iliyokamilika mwaka 1976: mji wa mitaa inayojitegemea, mtu aende shule, sokoni na zahanati kwa miguu, na basi liwe na njia yake. Kikuyu, hapahapa Dodoma, ikapangwa iwe mtaa wa mfano.

Ramani ilikuwa nzuri. Kwenye mfuko wa kuilipia ndiko mambo yalikokwama. Mwaka 1971 Serikali ilikuwa imetaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, kwa hiyo mwenye fedha zake aliogopa kujenga nyumba ya kupangisha. Mzigo wote ukabaki kwa mashirika ya umma. Kisha zikaja bei kubwa za mafuta na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na hazina ikakauka. Mtumishi akiambiwa ahamie Dodoma anauliza, "Nyumba iko wapi?" Wizara nazo zikabaki Dar es Salaam.

Lakini mafundi na vibarua walikwishafika. Hawa hawakungoja ramani. Wakajenga mtaa wa Chang'ombe, hapahapa Dodoma, bila vipimo wala bikoni. Hata Brazil ilikuwa hivyo: mji wa Brasília ulizinduliwa mwaka 1960, lakini Taguatinga, makazi ya waliokuwa wanaujenga, ilianza miaka miwili kabla.

Hapa nataka tukae kidogo, maana kuna jambo ambalo kwa maoni yangu liliamua zaidi kuliko tofali, nalo ni karatasi. Ardhi yote ya eneo la makao makuu ilikabidhiwa CDA. Mwananchi aliyepata kiwanja hakupewa haki ya moja kwa moja kutoka kwa Serikali kama mwenzake wa Mwanza au Arusha. Alipangishwa na CDA kwa miaka 33. Fikiria mtumishi aliyepewa kiwanja, akajenga polepole kwa mshahara wake, chumba baada ya chumba, ikamchukua miaka 12. Akienda benki kuomba mkopo wa kumalizia, benki inahesabu: imebaki 21. Dhamana hiyo inazidi kupungua kila mwaka. Na mkulima wa kijijini, mahali kama Zuzu, shamba la babu yake limeingizwa ndani ya mpaka wa mji kwa mstari wa kalamu.

Malalamiko yaliendelea miaka nenda rudi. Tarehe 15 Mei 2017, Rais John Magufuli aliivunja CDA, shughuli zake zikahamishiwa halmashauri, na akaagiza hati ziwe za miaka 99. Ndiye huyohuyo aliyekuwa Waziri wa Ujenzi nyumba za Serikali zilipoanza kuuzwa kwa watumishi, mwaka 2002. Alipotangaza Julai 2016 kwamba Serikali yote inahamia Dodoma, ikabidi nyumba za kuwapokea watumishi zianze kutafutwa upya.

Zikaja njia nyingine. Shirika la Nyumba la Taifa likajenga Iyumbu na Chamwino, Wakala wa Majengo ikajenga Nzuguni, na Watumishi Housing, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2013 kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, ikajenga Njedengwa. Viwanja vilivyopimwa vikawa chanzo kikubwa cha mapato ya jiji. Ila sensa ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini mwaka 2012, na 765,179 mwaka 2022. Nyumba za mashirika haziwezi kuikimbiza kasi hiyo. Mwalimu mpya na muuguzi mpya, wengi wao, wanalala kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba ni mtu binafsi aliyethubutu kujenga kwa sababu sasa karatasi yake ina umri mrefu.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, panapo majaaliwa, tutakwenda Kongwa, kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, tuone matrekta yalivyoshindwa na mibuyu.