Karamu ya Wafinyanzi wa Farasi
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu, tafadhali hakikisha kwamba hata walio nyuma wanaisikia redio vizuri. Shikeni kalamu zenu, lakini msiandike bado. Kwanza tusikilize.

Leo nitawaeleza habari za karamu. Si karamu ya arusi, wala si ya Idi wala ya Krismasi. Ni chakula cha jioni cha watu wa kazi moja wanapokutana. Watu hao ni wafinyanzi wa Marekani, na wengi wao ni wanawake. Kitu wanachofinyanga ni farasi.

Najua mama mmoja hapo darasani anacheka. Anasema moyoni, “Mimi nafinyanga chungu, kwa kuwa chungu hupikiwa. Mtu mzima afinyange farasi wa nini?” Ngoja, mama. Jambo hili lina maana yake.

Kwetu Afrika ya Mashariki farasi ni wachache, kwa sababu mbung'o na maradhi ya farasi huwaua. Huko Marekani wako kwa mamilioni. Lakini si kila mtu aweza kumfuga mmoja. Farasi anataka malisho, banda, kwato kutengenezwa, na mganga wa mifugo. Basi watoto wengi hukua wakimtamani farasi wasimpate, wakanunuliwa farasi wa kuwekwa rafuni. Baadhi yao wakiwa watu wazima hawaachi. Huendelea kukusanya sanamu za farasi, nao wenye mikono mizuri hujifunza kuzitengeneza.

Farasi wa rafuni ni wa namna mbili hasa. Wako wa plastiki, kama wale wa kampuni ya Breyer, iliyotoa farasi wake wa kwanza mwaka 1950. Na wako wa udongo uliochomwa. Hao wa udongo ndio habari yetu.

Zamani walitoka viwandani. Huko Longton, Uingereza, palikuwa na kiwanda cha Beswick, na mchongaji wake, Arthur Gredington, aliyeanza kazi hapo mwaka 1939, alitengeneza maumbo ya farasi wengi ambao hata leo wamo katika makabati ya Waingereza. Huko California, John Renaker na mkewe Maxine walianzisha kiwanda cha Hagen-Renaker mwaka 1945. Mchongaji wao mashuhuri alikuwa mwanamke, Maureen Love. Farasi wake walikuwa wazuri hata katika miaka ya 1970 kampuni ya Breyer ikayaazima maumbo yake ili iwatoe kwa plastiki. Viwanda vyote viwili sasa vimefungwa. Cha Beswick kilifungwa mwaka 2002, na cha Hagen-Renaker mwaka 2021.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Kiwanda kikifungwa, ujuzi huenda wapi? Kipimo cha udongo, siri ya rangi, namna ya kumpanga farasi ndani ya tanuri, mambo hayo yamo vichwani mwa watu. Leo kazi hii imo mikononi mwa watu mmoja mmoja, kila mtu na tanuri lake la umeme nyumbani, pengine katika banda la motokaa. Hakuna msimamizi wa kuulizwa. Kwa hiyo wanapokutana na kula pamoja, si kula tu.

Nitawaeleza kwanza jinsi farasi anavyotengenezwa, maana bila hayo hamtayafahamu mazungumzo ya mezani.

Mchongaji huanza kwa kutengeneza farasi mmoja wa mfano. Hupima kwa makini. Kipimo kinachopendwa sana ni moja kwa tisa, yaani sanamu ni fungu moja la tisa la farasi wa kweli. Hesabuni pamoja nami. Farasi wa kweli ana sentimeta 153 kutoka chini hadi begani. Gawanya kwa 9. Utapata 17. Sanamu itakuwa na sentimeta 17 begani.

Halafu umbo hilo huzungushiwa plasta, ile ile ambayo daktari huifungia mkono uliovunjika. Plasta ikikauka hufunguliwa vipande vipande, na ndani yake limebaki tundu lenye sura ya farasi. Chombo hiki ni kalibu. Mwalimu, liandike neno hili ubaoni: KALIBU. Tunapotoa tofali la udongo, lile sanduku la mbao ni kalibu pia. Tofali hutaka kalibu ya kipande kimoja. Farasi, pamoja na miguu yake na masikio yake, hutaka vipande vingi vinavyofungana barabara.

Ndani ya kalibu humiminwa uji wa udongo mweupe. Uji huo una ajabu yake. Ukitaka udongo uwe mwepesi kumiminika, utadhani dawa ni kuongeza maji. Hasha! Maji mengi huuharibu. Hutiwa kiasi kidogo sana cha dawa, kama magadi ya namna inayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya, na udongo mzito hulegea ukawa kama maziwa. Plasta hunyonya maji, na utando wa udongo hushika ukutani mwa kalibu. Ukishafikia unene unaotakiwa, uji uliobaki humwagwa. Kwa hiyo farasi yu mtupu ndani, kama mtungi. Hutolewa akiwa laini, husafishwa alama za maungo ya kalibu, huachwa akauke polepole, kisha huchomwa.

Hapo ndipo penye hofu. Chungu hukaa juu ya kitako chake chote. Farasi husimama juu ya miguu minne myembamba kama vijiti, na mwingine huchongwa akikimbia, mguu mmoja tu ukigusa chini. Udongo ukichomwa hupungua. Miguu ikipungua upande huu na tumbo likivuta upande ule, mguu hupasuka. Dawa yake ni kumtegemeza kwa nguzo za udongo ule ule, ili nguzo na farasi vipungue pamoja. Ukitumia nguzo ya chuma, haitapungua, na farasi atavunjika juu yake. Tena joto linapofika sentigredi 573, chembe za mawe meupe zilizo ndani ya udongo hubadilika ukubwa kwa ghafula. Ndiyo sababu mfinyanzi hapandishi moto kwa haraka, wala hafungui tanuri lingali na moto, hata kama roho inamruka.

Hupimaje joto? Siku hizi tanuri lina mashine ya kupima. Hata hivyo wengi bado huweka ndani pia kipande kidogo cha udongo chenye ncha kama pembe. Joto likitimia, pembe hiyo hulainika na kuinama. Edward Orton alianza kuzitengeneza pembe hizo huko Marekani mwaka 1896, na hazijapata kutupwa. Mimi nazipenda. Mashine husema namba, lakini pembe imepata moto ule ule alioupata farasi.

Akitoka moto wa kwanza hupakwa rangi, kisha hupakwa glezi. Glezi ni unga wa mawe uliochanganywa na maji. Motoni huyeyuka ukawa kioo kinachoung'arisha mwili wote, ila nyayo hufutwa, ama sivyo farasi atagandamana na rafu ya tanuri asibanduke tena. Farasi wa kijivu mwenye madoadoa meupe hupakwa rangi yote kwanza, kisha doa moja moja hufutwa kwa mkono. Na farasi mmoja aweza kurudi motoni mara nne, mara tano. Kila mara yuko hatarini, hata ile ya mwisho.

Haya, twende karamuni. Tuseme wewe umealikwa. Ukumbi ni wa hoteli, na meza ni za duara zilizotandikwa vitambaa vyeupe. Mchana kutwa palikuwa na mashindano, ambapo waamuzi waliinama juu ya farasi wakiangalia viungo na rangi. Aliyeshinda amepewa utepe wa buluu, maana huko Marekani buluu ndiyo ya kwanza. Huko Uingereza wa kwanza hupewa wekundu! Kwa hiyo mgeni wa kutoka Uingereza asipoelezwa atamhurumia mshindi.

Unaketi. Katikati ya meza, mahali ambapo wengine wangeweka maua, wamesimama farasi. Kuna nyama ya kuoka, viazi vya kuponda, mboga na mkate wa siagi, na keki inangoja pembeni. Watu wamevaa vizuri. Lakini tazama wanavyokula! Viwiko vimebanwa mbavuni. Anayetaka chumvi haunyooshi mkono juu ya meza, huomba apewe. Mkono mrefu wa gauni hukunjwa. Ukitaka kumshika farasi, uliza kwanza, kisha mshike kiwiliwili kwa mikono miwili, si mguu wala mkia. Mmoja anamgonga farasi kwa ukucha huku ametega sikio. Akina mama mnalijua jambo hilo. Ndivyo mnavyofanya sokoni mnaponunua chungu. Kilicho kizima hulia, chenye ufa hukoroma.

Sasa sikiliza mazungumzo. Mama mzee aliye kulia kwako anamwuliza kijana, “Glezi yako ilijikunja wapi?” Kijana anasema, “Tumboni na chini ya shingo.” “Ulimshika kwa mikono mitupu kabla ya kumpaka?” Kijana ananyamaza. Mama anacheka. “Mafuta ya vidole,” anasema. “Glezi haishiki penye mafuta. Mfute kwa sponji yenye maji, mwache akauke, ndipo umpake.” Basi, jambo lililomsumbua kijana pengine mwaka mzima limekwisha kabla supu haijapoa. Kiwandani jambo kama hilo lilikuwa siri ya mwenye mali. Hapa linatolewa pamoja na mkate.

Lakini si kila kitu hutolewa bure. Meza ya pili sauti zimepanda kidogo. Wanazungumza habari ya mtu aliyenunua farasi wa mwenzake, akamtilia plasta, akatoa kalibu, na sasa anauza nakala. Huo ni wizi, na sheria ya haki za wasanii inaukataza. Mwizi hujulikanaje? Udongo wenyewe humshitaki. Nimesema kwamba udongo hupungua motoni. Tuseme hupungua fungu moja la kumi. Farasi wa haki ana sentimeta 20. Nakala iliyotokana naye itapungua sentimeta 2, ibaki 18. Nakala ya nakala itakuwa 16 na nukta mbili. Na kila mara mishipa ya uso na nywele za shingo hufifia. Mtu mwenye rula aweza kuwa shahidi.

Hata kalibu ya haki haidumu. Plasta huchakaa kila inapomiminwa. Baada ya makumi machache ya farasi, pua haina ukali tena. Wako wasanii wanaoivunja kalibu yao hadharani idadi ikitimia, ili aliyenunua ajue kwamba hatatoka mwingine. Wengine husema kuivunja ni hasara, afadhali apewe mwanafunzi ajifunzie. Katika shauri hilo mimi ni upande wa wenye kumpa mwanafunzi, lakini mimi si mwenye kulipa bili ya umeme wa tanuri.

Baada ya keki huja mnada. Baadhi ya wasanii wameleta kila mtu kazi moja bila malipo. Fedha zinazopatikana hulipia ukumbi wa mkutano ujao, au hupewa watu wanaowatunza farasi wa kweli waliotupwa na wenyewe. Mnadi anapanda jukwaani. Farasi anazungushwa meza kwa meza juu ya trei yenye kitambaa kinene, na aliyeishika anatembea kama mtu aliyebeba kikombe cha uji kilichojaa. Dola 50! Dola 100! Dola 300! Farasi mmoja wa kazi ya mkono, asiye na pacha duniani, aweza kufika mamia mengi, hata maelfu. Mama mzee yule hanunui. Ameleta farasi wake mmoja tu, naye anaangalia mikono ya watu wakati anapopitishwa.

Ndugu wasikilizaji, huko Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu bila gurudumu, kwa mikono tu, na vyungu hivyo hupelekwa kwa mtumbwi hadi soko la Matema. Udongo wao hauko kama wa Marekani, wala moto wao. Lakini swali la mama yule kwa kijana, “ulimshika kwa mikono mitupu?”, ni swali la namna ile ile aulizayo mama wa Ikombe anapomfunza binti yake.

Basi fungueni madaftari. Andikeni maneno haya: kalibu, tanuri, glezi, mnada. Kila neno litungieni sentensi moja. Kisha fanyeni hesabu hii. Farasi wa kweli ana sentimeta 144 begani. Je, sanamu yake ya kipimo cha moja kwa tisa itakuwa na sentimeta ngapi? Na ikiwa yupo mfinyanzi katika darasa lenu, mwalimu, mpe nafasi asimame mbele awaeleze wenzake jinsi anavyojua kwamba chungu kimeiva. Wengine mwandike anayosema.