MAZUNGUMZO: PUMZI TANO, MUZIKI MMOJA



Kikundi cha wapulizaji watano hakina mwongozaji wa kusimama mbele na fimbo. Wachezaji wake huanza na kumaliza pamoja kwa kutazamana na kusikilizana tu. Vyombo vyake ni filimbi, obo, klarineti, basuni na honi ya shaba. Obo ni jamaa ya zumari inayojulikana katika ngoma za mwambao, kwani zote mbili hulia kwa ulimi wa tabaka mbili. Sauti za vyombo hivyo hazifanani, na hapo ndipo ulipo ugumu wake na utamu wake.

Tamasha la kikundi cha aina hiyo huweza kupita karne mbili kwa usiku mmoja. Aghalabu huanzia kwa Anton Reicha, mzaliwa wa Prague, aliyetunga kazi 24 za namna hiyo mjini Paris mwanzoni mwa karne ya 19. Hufuata Carl Nielsen wa Denmark, aliyewatungia wapulizaji wa Copenhagen kazi yake ya mwaka 1922. Alikusudia pia kumtungia kila mmoja wao kazi ya pekee na okestra. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa amekamilisha mbili, ya filimbi na ya klarineti.

György Ligeti wa Hungaria alitayarisha vipande sita mwaka 1953. Vilipochezwa Budapest mwaka 1956, vilisikika vitano tu. Cha sita, ambacho hakifiki dakika mbili, kilizuiwa kwa kuwa sauti zake ziligongana kupita kiasi. Ilibidi kingoje hadi mwaka 1969, nchini Sweden, ndipo vyote sita vikachezwa pamoja.

Mwishoni huja kazi iitwayo "Umoja" ya Valerie Coleman, Mmarekani Mweusi aliyeasisi kikundi cha Imani Winds mjini New York mwaka 1997. Majina yote mawili ni ya Kiswahili. Yamo katika misingi saba ya Kwanzaa, sikukuu iliyoasisiwa Marekani mwaka 1966: umoja ni wa kwanza, imani ni wa mwisho.

Hivyo basi, msikilizaji wa Visiwani asiuone muziki huo kuwa ni wa wengine pekee. Neno lake limesafiri mbali na kupewa pumzi huko. Ni vyema wenye lugha nao wakakaa kitako wakalisikiliza.