Mbwa Aliyepona kwa Macho

Leo tunazungumzia erlikiosisi, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na bakteria na kuenezwa na kupe wa kahawia, yule anayetaga mayai hadi kwenye nyufa za kuta za banda. Ulielezwa kwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935, lakini uliogopwa hasa wakati wa vita vya Vietnam, mbwa wengi wa jeshi la Marekani walipokufa huku wakitokwa na damu puani.

Mbwa akiumwa na kupe mwenye bakteria hao, baada ya wiki moja hadi tatu hupata homa, hukataa chakula, na tezi zake huvimba. Kisha, hata asipotibiwa, mara nyingi hupata nafuu. Anakula, anabweka, analinda boma. Mwenye mbwa anashukuru Mungu na kusahau.

Sasa sikiliza. Watafiti wa Israeli waliwafuatilia mbwa sita walioambukizwa kwa makusudi. Miezi 34 baadaye, yaani karibu miaka mitatu, wote sita walionekana wazima kabisa. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuwa wanne bado wana bakteria, na maficho makubwa ya bakteria hao yalikuwa bandama. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998. Utafiti wa wiki chache ungewaandika mbwa hao kuwa wamepona! Ndiyo maana naithamini sana subira ya watafiti wa namna hii. Baadhi ya mbwa wanaobaki na bakteria hudhoofika baadaye: uboho hushindwa kutengeneza damu, na hapo hata dawa hufanya kazi kwa shida.

Kwa hiyo mshike mbwa wako, umpapase ndani ya masikio, shingoni na katikati ya vidole. Mfunue mdomo utazame fizi. Zikiwa nyeupe, au ukiona tumboni vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya kalamu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kupe mng'oe kwa kibanio, ukimshika karibu kabisa na ngozi, wala usimpasue kwa kucha. Usingoje kesho, kwa kuwa saa chache tu zinamtosha kuambukiza.

Daktari akiandika doksisaiklini, kwa kawaida ni ya wiki nne. Tafadhali usiikatishe eti kwa sababu mbwa ameanza kuchangamka. Maliza dozi, kisha mrudishe apimwe tena.